Mombasa Ina Masomo ya Tenisi, Haina Mechi

Muulize mzazi yeyote wa Mombasa anayempeleka mwanawe tenisi kwamba mtoto hufanya mazoezi mara ngapi kwa wiki. Atakujibu papo hapo: Jumatano na Jumamosi, na likizo zikifika ni kila siku. Kisha muulize tangu mwaka uanze mtoto amecheza mechi ngapi za kuhesabu pointi, na mtoto asiyemjua, hadi mshindi akapatikana. Hapo utamwona anatafuta jibu hewani. Moja, pengine mbili. Ya pili mvua iliikatiza.

Kwa miaka mingi tumekuwa tukilia na mambo matatu: viwanja hakuna, makocha wachache, raketi ghali. Yote yana ukweli ndani yake. Lakini hata pale ambapo viwanja vipo, kocha yupo na mtoto ana raketi nzuri ya kununuliwa na mjomba wake aliye Dubai, matokeo ni yale yale. Mtoto anapiga mpira vizuri ajabu siku za mazoezi, na akiingia kwenye mashindano anakuwa kama hajawahi kushika raketi. Wazazi husema ana woga. Makocha husema hana moyo. Mimi nasema hajafundishwa kushindana, kwa sababu tunachofundisha ni kupiga mpira, na tunatumaini kwamba kushindana kutakuja kwenyewe.

Ingia uwanjani saa kumi alasiri ulione darasa lenyewe. Kocha yuko ng'ambo ya wavu, kikapu cha mipira ubavuni. Watoto 12 wamepanga foleni nyuma ya mstari. Wa kwanza anarushiwa mipira mitano, fohandi tatu za upande wa mkono wa raketi na bakihendi mbili za upande wa pili, kisha anakimbilia mwisho wa foleni na kuanza kuchezea kofia ya mwenzake. Tupige hesabu. Kocha mwepesi hurusha mpira mmoja kila baada ya sekunde tatu, yaani mipira 20 kwa dakika. Kwenye saa moja, toa nusu yake ya kuokota mipira, kunywa maji na kuwakemea watundu, inabaki mipira 600. Igawe kwa watoto 12, kila mmoja kapata 50. Na yote 50 imemjia kwa kasi ile ile, mahali pale pale, kutoka kwa mtu mzima anayemtakia aupige vizuri. Hakuna mpinzani atakayekutakia hivyo.

Sisemi kikapu kitupwe. Kuna siku mkono wa mtoto unahitaji kurudia jambo moja mara mia hadi likae. Ila kikapu kimekuwa ndiyo tenisi yenyewe, na sababu, tuseme ukweli, ni kwamba kinapendeza machoni pa anayelipa. Mzazi aliyekaa kwenye kivuli anaona mistari iliyonyooka, mtoto anasogea, kocha anasema "safi sana". Mechi ya watoto wawili wa miaka tisa haipendezi kuitazama. Sevu, yaani mipira ya kuanzisha pointi, zinagonga wavu, mtoto analia, mwingine kasahau hesabu. Mzazi anajiuliza pesa zake zinakwenda wapi.

Kandanda haina tatizo hili. Mtoto wa Majengo au Mtopanga anapofikishwa kwa kocha wake wa kwanza, ameshacheza boli ya mtaani isiyo na idadi. Ameshadhulumiwa bao, ameshabishana kama mpira umepita juu au chini ya kamba ya kuwaziwa, ameshajifunza kuulinda ushindi wa bao moja huku adhana ya magharibi ikikaribia. Kocha anapokea mshindani na kazi yake ni kumnoa. Tenisi haina mtaa. Mtoto haokoti raketi akaenda kumtafuta mpinzani nyuma ya nyumba. Kwa hiyo kile ambacho kandanda hukipata bure, tenisi lazima ikipange kwa makusudi, na sisi hatujakipanga.

Nini hasa kinachokosekana? Watu wakisikia "kushindana" hufikiria ukali wa moyo, kukaza macho, kupiga kelele kama wanavyoona kwenye televisheni. Kwa mtoto mambo ni madogo kuliko hayo, na karibu yote yanafundishika.

Chukua kuhesabu. Pointi ni 15, 30, 40, kisha gemu, na gemu sita ni seti, na hilo halimshindi mtu. Lakini wakiwa sare gemu sita kwa sita, ikifika taibreki ya kuamua seti, mmoja anasevu pointi moja, mwenzake mbili, kisha wanapokezana mbilimbili, na kila baada ya pointi sita wanabadilisha upande. Mtoto aliyeisoma kanuni hii ubaoni na mtoto aliyeicheza ni watu wawili tofauti. Chukua sevu. Mazoezini mtoto anasevu mipira 40 mfululizo, na ule wa 30 ndio unaoanza kuingia vizuri. Kwenye mechi anapewa nafasi mbili tu, kisha anangoja, anakimbia, anarudi, anapewa nyingine mbili. Sevu ya pili, ile ambayo ikikosa pointi imekwenda, ni kitu tofauti kabisa na sevu ya mazoezini, na watoto wetu wengi hawana sevu ya pili kwa sababu hakuna siku iliyowadai.

Kubwa kuliko yote ni kuamua mistari. Katika tenisi ya watoto, mechi nyingi hazina mwamuzi. Kila mchezaji anaamua upande wake wa wavu: mpira umetoka au umeingia. Desturi ni kwamba ukiwa na shaka, hata chembe, mpira ni wa ndani na pointi ni ya mwenzako. Sijui mchezo mwingine wa shuleni unaomkabidhi mtoto wa miaka 11 dhamana kama hiyo. Bao lako la ushindi, uliamue wewe, dhidi ya nafsi yako.

Niliwahi kuwatazama wasichana wawili wa gredi ya sita kwenye mashindano madogo ya shule, upande wa kisiwani. Taibreki, nne kwa tatu, au tatu kwa nne, maana hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mpira ulitua kwenye ukingo wa mstari wa nyuma, vumbi likaruka. Yule aliye karibu akanyosha kidole: nje. Wa pili akasimama mkono kiunoni, haendi kusevu, hasemi neno. Wote wawili wakageuka kumtazama kocha. Kocha alikuwa na simu sikioni, akawapungia mkono kuwaambia waendelee. Waendelee na nini? Mwisho wakakubaliana kuirudia pointi, jambo ambalo kanuni haisemi hivyo, na yule aliyekuwa akiongoza akakosa sevu zote mbili. Akakosa tena zamu iliyofuata. Dakika 20 kabla ya mechi, akipasha moto, sevu yake ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote pale uwanjani.

Msichana yule hakuwa mwoga hata kidogo. Alikutana na jambo asilowahi kukutana nalo: hasira iliyobaki mwilini wakati mkono unatakiwa ulegee ili kurusha mpira juu. Kanuni zinampa mchezaji sekunde 25 kati ya pointi na pointi. Ni muda mrefu kwa anayejua kuutumia: kugeuka nyuma, kupanga nyuzi za raketi kwa vidole, kuvuta pumzi, kuamua unasevu wapi. Kwa asiyejua, ni sekunde 25 za kuzungumza na ghadhabu yako. Jambo hilo halifundishiki kwa kikapu.

Na upepo! Mombasa tuna neema ambayo hatuitumii. Kusi ikivuma, kiwanja kilicho karibu na bahari kina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja unapiga nusu nguvu na mpira unatoka nje, upande wa pili unapiga kwa nguvu zote na unadondoka katikati. Wachezaji hubadilisha upande baada ya gemu ya kwanza, kisha kila baada ya gemu mbili, kwa hiyo ndani ya seti moja mtoto analazimika kucheza michezo miwili. Akiwa na upepo mgongoni auzungushe mpira ushuke, akiwa nao usoni aupige juu na mbali bila hofu, na anaposevu asirushe mpira juu mno usije ukapeperuka. Mtoto aliyekulia kwenye mechi za Kusi na Kaskazi angekwenda bara akaona mpira umetulia kama umewekwa mezani. Lakini kocha wa kikapu hufanya nini upepo ukizidi? Husogeza darasa upande wenye ukuta.

Sasa tazama mashindano tuliyo nayo. Karibu yote ni ya mtoano. Watoto 32 wanajiandikisha, wanaamshwa alfajiri, wengine wanavuka Likoni kwa feri kabla jua halijachomoza. Raundi ya kwanza ikiisha, 16 wamekwisha. Wamecheza mechi moja, tena mara nyingi ni ile ya kufungwa sita kwa sifuri na mtoto aliyepewa nafasi ya kwanza kwenye droo. Mashindano yote yana mechi 31, na anayecheza nyingi ni bingwa, ambaye hucheza tano. Ukitazama vizuri utaona tumejenga mfumo unaompa mechi nyingi yule anayezihitaji kidogo, na kumrudisha nyumbani mapema yule ambaye angejifunza zaidi.

Michezo ya shule za sekondari nayo ina mtindo huo huo, ya tenisi ikiwa muhula wa pili. Kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha Mkoa wa Pwani kukutana na Kilifi, Kwale, Taita Taveta na wengine, kisha taifa. Ni mchujo juu ya mchujo. Shule ikitolewa siku ya kwanza, raketi hurudi stoo hadi mwaka ujao.

Wenye uwezo huwapeleka watoto Nairobi, ambako kuna mashindano ya vijana ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, yanayoanza na umri wa miaka 13. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2017 safari imekuwa nyepesi, lakini hesabu bado ni nzito: nauli ya mtoto na ya mzazi, malazi, chakula, siku za shule. Yote hayo kwa droo ya mtoano, ambapo mtoto wa Mombasa anaweza kucheza saa moja na kurudi. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, nasi tunamnyima mtoto mchezo wa kwao, tukamtuma akaanze ugenini.

Dawa yake haina gharama kubwa. Watoto wanne kwenye kundi, kila mmoja anacheza na wenzake wote: mechi tatu kwa kila mtoto, hakuna anayetolewa. Seti fupi za gemu nne badala ya sita, na wakiwa sare ya seti moja kwa moja, waamue kwa taibreki ya pointi kumi badala ya seti ya tatu. Makundi manne yanamalizika siku moja ikiwa viwanja vinatosha. Baada ya wiki mbili, mshindi wa kundi anapanda, wa mwisho anashuka. Hakuna kombe, hakuna mgeni rasmi, hakuna hema la viti vya plastiki. Hakuna hotuba, na hilo peke yake lingetuokolea saa mbili.

Wapangwe kwa uwezo kuliko umri au jinsia. ITF ina kipimo kiitwacho World Tennis Number, kinachoanzia 40 kwa anayeanza na kushuka hadi 1 kwa mabingwa wa kulipwa, na kazi yake ni hiyo hiyo: kumkutanisha mchezaji na mtu wa kiwango chake, awe mvulana au msichana, awe mkubwa au mdogo. Lakini hata daftari la kocha na kalamu vinatosha kwa kuanzia. Msichana wa miaka 12 anayemfunga mvulana wa 14 kila Jumamosi atajifunza jambo, na huyo mvulana vilevile.

Hapa ndipo nitaambiwa: viwanja viko wapi? Vilabu vya mjini ni vya wanachama. Ni kweli, na sitarajii vilabu vifungue milango kesho. Lakini hoja ya viwanja inasimama tu ikiwa tunadhani mtoto wa miaka minane anahitaji kiwanja cha baba yake.

Kiwanja kamili kina urefu wa mita 23.77. ITF ilianzisha mwaka 2007 kampeni ya kuwafundisha wanaoanza kwa viwanja vidogo na mipira ya pole, na tangu 2012 kanuni za mchezo haziruhusu mpira wa kawaida wa manjano kwenye mashindano ya watoto wa miaka kumi kushuka chini. Wapo watakaoshangaa kusikia hivyo, maana watoto wetu wa miaka saba bado wanapigishwa mpira wa manjano unaowapita juu ya kichwa. Mpira mwekundu, wa hatua ya kwanza, una mwendo wa pole kwa asilimia 75 kuliko wa manjano. Wa rangi ya machungwa ni asilimia 50, wa kijani 25. Kiwanja cha hatua nyekundu kina urefu wa karibu mita 11 na upana wa mita 5.5, wavu ukiwa sentimita 80. Hesabu ya kufurahisha ni hii: upana wa kiwanja kamili cha wawili wawili ni mita 10.97, sawasawa na urefu wa kiwanja chekundu. Kwa hiyo ukivichora vya kukingama, kiwanja kimoja cha klabu kinatoa vinne vya watoto bila kubanana.

Na hatua ya machungwa? Mita 18 kwa 6.5. Kiwanja cha voliboli ni mita 18 kwa tisa. Mistari ya nyuma imeshachorwa, nguzo zimeshasimama, kilichobaki ni kushusha wavu na kuchora mistari miwili ya pembeni kwa chokaa. Nionyesheni shule ya Changamwe, Kisauni au Likoni isiyo na kiwanja cha voliboli.

Mjuzi atanisahihisha: voliboli huchezwa kwenye mchanga na udongo, na mpira wa tenisi hauruki kwenye mchanga. Naam. Hapo ndipo sakafu ya saruji inapohitajika, na sehemu nyingi ipo, iwe ni kiwanja cha mpira wa kikapu, mahali pa gwaride la asubuhi, au ukumbi. Mpira wa sponji wa hatua nyekundu huruka vyema hata kwenye varanda pana. Wavu unaweza kuwa kamba iliyotundikwa magunia kati ya madawati mawili. Mimi ningefurahi zaidi kuona shule kumi zenye kamba na magunia kuliko shule moja yenye kiwanja cha kifahari kilichofungwa kufuli.

Kuhusu mipira, nina neno la pembeni. Mpira mpya wa mashindano, ukiudondosha kutoka sentimita 254 kwenye saruji, lazima uruke kati ya 135 na 147. Ya kwenye vikapu vya mazoezi haifiki hapo kwa mbali. Mtoto mdogo haumii sana kwa mpira mfu, kwa sababu unaruka chini na kwenda polepole. Shida ni kwamba kila mpira hufa kivyake. Mmoja unaruka hadi kiunoni, mwingine unabaki gotini, na mtoto hawezi kujifunza kuusoma mpira usiokuwa na tabia moja. Afadhali mipira minne iliyo sawa kwa watoto wawili kuliko kikapu kizima cha mchanganyiko.

Kwa wale waliokwisha kuvuka hatua ndogo, yaani miaka 11 na kuendelea, kiwanja kamili hakikwepeki, na hapa ningeangalia ufuo wa kaskazini. Hoteli nyingi za Nyali, Bamburi hadi Shanzu zina viwanja vya tenisi. Masika yakiingia wageni wanapungua, na viwanja hivyo vinabaki na majani makavu na paka. Miezi hiyo hiyo ndiyo muhula wa pili, ule wa tenisi shuleni. Wazo hili halitoki kichwani mwangu. Ons Jabeur, binti wa Tunisia aliyefika fainali ya Wimbledon mwaka 2022 na tena 2023, alikulia Sousse, mji wa pwani wa watalii kama wetu. Klabu yake ya utotoni ilikuwa haina viwanja vyake, akawa anafanya mazoezi kwenye viwanja vya hoteli za jirani. Mwaka 2011 akawa bingwa wa wasichana wa French Open. Hoteli za Sousse hazikumtengeneza Jabeur, lakini hazikumfungia geti. Meneja wa hoteli ya Bamburi anayewaza bima na miguu yenye matope ana haki ya kuuliza maswali, na chama cha tenisi chenye barua moja nzuri na kocha wa kusimamia kina uwezo wa kuyajibu.

Kipingamizi kigumu zaidi kuliko viwanja ni saa. Mtoto anatoka shule saa tisa na nusu au saa kumi. Jua linazama saa kumi na mbili na dakika zake, mwaka mzima, kwani tuko jirani na ikweta. Katikati ya hapo kuna madrasa, kuna tuisheni, kuna matatu lililokwama Kongowea. Wikendi asubuhi, watoto wengi wa mji huu wako chuoni wakisoma Kurani. Waandaaji wa mashindano hupanga mechi Jumamosi saa mbili asubuhi, kisha hulalamika kwamba watoto wa Mji wa Kale na Kibokoni "hawapendi tenisi". Wamepangiwa mechi wakati wa chuo, wangeipendaje? Ligi ya Mombasa lazima ianze baada ya alasiri, na Ramadhani isimame au ihamie baada ya tarawehe palipo na taa. Kumkimbiza mtoto aliyefunga kwenye joto la Februari ni ukatili.

Mavazi nayo yamewafukuza wasichana wengi kuliko ugumu wa mchezo. Sketi fupi nyeupe ni desturi ya vilabu. Kanuni za tenisi hazimkatazi mchezaji kuvaa suruali ya kubana, fulana ya mikono mirefu na hijabu ya michezo, na tangu mwishoni mwa 2018 hata chama cha wanawake wa kulipwa, WTA, kiliweka wazi kwamba suruali ya kubana inaruhusiwa bila sketi juu yake. Kocha alitamke hilo siku ya kwanza, mbele ya mama mtu, asingoje aulizwe. Mama hatauliza, atamtoa mtoto tu.

Kisha lipo swali la Angella Okutoyi, kwa sababu kila mazungumzo ya tenisi ya watoto nchini Kenya sasa humfikia. Na afikiwe. Alilelewa na nyanya yake Loresho, Nairobi, katika maisha ya kawaida sana. Januari 2022 akawa Mkenya wa kwanza wa kike kushinda mechi kwenye mashindano ya vijana ya Grand Slam, yale manne makubwa ya tenisi duniani, huko Australia, na Julai mwaka huo huo akatwaa taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Machi 2024 akashinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Kabla yake, kwa kweli, tulikuwa tukilitaja jina moja tu, Paul Wekesa, aliyewahi kuingia kwenye mia bora duniani.

Somo ambalo wengi hulichukua kwake ni kwamba kipaji hakizuiliki. Mimi naona jingine. Okutoyi aliondoka nyumbani angali mtoto akaenda kwenye kituo cha ITF Bujumbura, na baadaye Morocco. Kule kuna makocha, ndiyo, lakini kuna pia wenzake wa kiwango chake kila asubuhi, kutoka nchi mbalimbali, na ratiba ya safari za mashindano. Alipata mechi. Watoto wengine wenye mikono kama yake walibaki wakipiga ukuta. Ukitaka kujua Mombasa imepoteza wangapi wa namna hiyo, huwezi, kwa kuwa hawakucheza mechi za kutosha hata mtu akawaandika jina.

Wapo wanaohofia kwamba ushindani mapema unawavunja watoto moyo. Hofu hiyo naiheshimu, kwani nimewaona wazazi. Nimemwona baba akitembea kando ya ua kutoka kona hadi kona, akimfuata mwanawe kila alipobadilisha upande, midomo ikicheza. Lakini fikiria ni kufungwa kupi kunakovunja moyo. Mtoto anayecheza mechi mbili kwa mwaka, kila moja ina uzito wa miezi sita ya ada, jezi mpya na shangazi aliyekuja kutazama. Akifungwa, amefungwa mwaka mzima. Anayecheza mechi tatu kila baada ya wiki mbili hufungwa Jumamosi hii, na Jumamosi nyingine akarudi na yule yule. Kufungwa kunakuwa habari ya kawaida, na wazazi nao huchoka kufuata ua. Ukitaka kupunguza presha, ongeza mechi.

Walimu wa michezo ndio watakaoibeba au kuiangusha kazi hii, kwani makocha wenye vyeti hawatatosha. Mtaala wa umilisi sasa una njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo kwa shule za upili, jambo zuri, ila mtoto wa tenisi hangoji gredi ya kumi. Mwalimu wa gredi ya nne hahitaji kujua kuonyesha bakihendi ya kuzungusha. Anahitaji kujua kuchora mistari, kuwapanga watoto wawili wawili, kuwafundisha sevu ya chini kwa mkono, kupasiana na kuhesabu, siku ya kwanza. Zote tatu siku ya kwanza. Mbinu zitafuata, na zikifuata zitakuwa na kazi ya kufanya, kwa sababu mtoto atakuwa ameshajua ni kitu gani kinachomfungisha. Atakuja kwa kocha akisema: "Mwalimu, kila nikirushiwa juu upande wa kushoto napoteza." Kocha yeyote atakwambia kwamba huyo ni rahisi kumfundisha kuliko kumi waliopanga foleni.

Kwa hiyo, tuanze na shule nne za msingi zilizo karibu karibu, tuseme Tudor na Tononoka, ambako watoto wanaweza kutembea kwa miguu. Watoto wanane kila shule, mvulana na msichana nusu kwa nusu. Mipira myekundu na ya machungwa, raketi fupi za inchi 21 hadi 25 za kushirikiana, chokaa, kamba. Ijumaa moja kila baada ya wiki mbili, kuanzia saa kumi na robo, baada ya swala ya alasiri, hadi saa kumi na mbili kasoro. Shule mwenyeji inatoa maji. Mwalimu mmoja anashika daftari la matokeo na kuyabandika mlangoni mwa ofisi Jumatatu asubuhi, majina yote 32, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.